Barabara yetu haina ajali kwa sababu tumeacha kuivuka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hadharani barua ambayo wakazi wa mtaa wetu tuliipokea kutoka ofisi ya barabara ya halmashauri ya jiji. Tulikuwa tumeomba vitu vitatu: matuta, kivuko kinachoeleweka mbele ya geti la shule, na kisiwa katikati ya barabara ili anayevuka apate pa kusimama. Jibu lilikuja fupi na la adabu. Ombi limepokelewa na kuchunguzwa, na kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo barabara yetu haina historia ya ajali inayotosha kuhalalisha matumizi ya fedha za umma kwa sasa. Mwisho tukashukuriwa kwa ushirikiano.

Sibishani na kumbukumbu. Ni kweli hakuna aliyefia hapo katika miaka waliyoiangalia. Ninachobishia ni maana waliyoitoa humo.

Mimi ni mkufunzi wa udereva. Kutwa nakaa kiti cha abiria nikiwa na breki yangu chini ya mguu, mtu mwingine kashika usukani, na kazi yangu kubwa wala si gia na vibao. Ni kujua mwenzangu atafanya nini sekunde moja kabla hajakifanya. Ukikaa kiti hicho muda mrefu unajua jambo ambalo daftari la ajali halina safu yake: barabara hatari na barabara yenye ajali si lazima iwe moja. Ipo barabara inayotisha hadi watu wameihama. Ya kwetu ni ya aina hiyo.

Yenyewe haina makuu. Inaunganisha barabara kuu mbili, imenyooka, lami yake nzuri, upana mita 12 ukingo hadi ukingo, urefu kama mita 600. Mstari wa katikati ulishafutika. Shule iko upande mmoja, nyumba nyingi ziko upande wa pili. Foleni ikikaza kwenye barabara kuu, programu za ramani kwenye simu zinawaonyesha madereva mtaa wetu kuwa ndiyo njia ya kukwepa, nao wanaingia kwa mkupuo, kila mmoja akijaribu kufidia dakika alizozipoteza huko alikotoka.

Nina jirani, bibi anayetembea kwa fimbo tangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Shoga yake wa siku zote anakaa ng'ambo, nyumba za kutazamana kabisa. Zamani ukimtaka jioni unamfuata kwa mwenzake. Siku hizi wanaongea kwa simu, kila mmoja dirishani kwake, na ukipita unawaona wanaonyeshana vitu kwa mikono huku simu ziko masikioni. Mara ya kwanza nilicheka. Nilipomuuliza kwa nini havuki akanijibu, “Mwanangu, naangalia mpaka nahakikisha hakuna gari. Nikifika katikati, gari lipo.”

Nilidhani ni macho ya uzee. Ofisi nayo ingedhani hivyo. Kisha nikaipiga hesabu.

Mtu mzima mwenye afya huvuka kwa kama mita 1.2 kila sekunde, na hicho ndicho kipimo ambacho wahandisi wengi wamezoea kukitumia wanapopanga muda wa taa za kuvukia. Mwenye fimbo tumpe mita 0.8. Barabara ya mita 12 itamchukua sekunde 15. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde hizo 15 limeshamaliza mita 250. Sasa simama getini kwake utazame upande wa mwinuko. Kutoka hapo hadi kileleni, mahali gari linapoanza kuonekana, ni mita 130 hivi. Maana yake ni kwamba bibi anapotia mguu kwenye barabara tupu, gari litakalomkuta katikati bado liko nyuma ya mwinuko. Yeye hawezi kuliona, na dereva hawezi kumwona. Amesema kweli tupu: anaangalia, hakuna gari, anafika katikati, gari lipo.

Magari hayo hayo yakienda kilomita 30 kwa saa, sekunde 15 ni mita 125. Anamaliza kuvuka kwa chupuchupu, lakini anamaliza. Ukimwekea kisiwa, anavuka mita 6 kwanza, anapumua, kisha mita 6 nyingine. Kila awamu ni sekunde saba na nusu, na hapo hata gari la kilomita 60 linahitaji mita 125 tu kumfikia, yaani analiona kabla hajaanza. Kwa gari la kilomita 30 ni mita 63. Ndiyo sababu tuliomba kisiwa. Hatukukiona kwenye picha za miji ya watu tukakitamani.

Je, bibi huyu yumo kwenye kumbukumbu za ofisi? Hayumo, hakugongwa. Watoto wanaopakiwa kwenye gari kupelekwa shule wanayoiona kwa macho kutoka mlangoni kwao, nao hawamo. Baba aliyeacha kuendesha baiskeli, hayumo. Wote hawa wamehesabiwa kama ushahidi kwamba barabara ni salama, na hapo ndipo ninapokosana na barua ile.

Jambo hili limeshachunguzwa mahali pengine. Uingereza mwaka 1971, katika uchunguzi wa watoto wa shule, watoto 80 kati ya kila 100 wa miaka saba na minane walikuwa wanaruhusiwa kwenda shule bila mtu mzima. Watafiti waliporudia maswali yale yale mwaka 1990 walikuta wamebaki 9 kati ya 100. Katika kipindi hicho vifo vya watoto barabarani vilipungua sana, na wakubwa wakapata cha kujisifia. Lakini magari yalikuwa yameongezeka. Waliopungua barabarani ni watoto.

Na kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1960 huko San Francisco, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard na wenzake waliichukua mitaa mitatu iliyofanana kwa mengi isipokuwa magari. Mmoja ulipitisha kama magari 2,000 kwa siku, wa pili kama 8,000, wa tatu kama 16,000. Waliwauliza wakazi wana marafiki wangapi mtaani kwao. Kwenye mtaa wa kwanza wastani ulikuwa marafiki 3.0, kwenye wa tatu, 0.9. Hawakuwa watu wa tabia tofauti, ni barabara iliyokaa kati yao. Appleyard mwenyewe alikufa mwaka 1982 mjini Athens kwa kugongwa na gari, na ukinikuta siku ya hasira nitakwambia huyo naye aliingia kwenye kumbukumbu akiwa amechelewa.

Haki iseme: halmashauri yetu haikubuni utaratibu huu. Kungoja damu ndiyo desturi ya ofisi nyingi duniani. Marekani, mwongozo wa taifa wa vifaa vya kuongozea magari, toleo la 2009, uliweka ajali 5 au zaidi ndani ya miezi 12 kuwa mojawapo ya vigezo vya kufikiria kuweka taa kwenye makutano, tena ziwe ajali za aina ambayo taa ingeizuia na ziwe zimeripotiwa. Ninaelewa kigezo kama hicho kinatoka wapi. Fedha ni chache na kila mtaa una kilio chake, kwa hiyo mhandisi anahitaji kitu cha kushika ili asiburuzwe na anayepiga kelele zaidi. Lakini akishika idadi ya waliogongwa, ameshika kitu cha mwisho kabisa kutokea. Kinachotangulia ni mwendo wa magari, na mwendo unapimika leo hii bila kumsubiri mtu aumie.

Nasi tuliupima. Vijana wa mtaa walichora mistari miwili ya chaki ukingoni, umbali wa mita 50 kati ya mmoja na mwingine. Mmoja anatoa ishara tairi la mbele linapokanyaga mstari wa kwanza, mwenzake anahesabu kwa saa ya simu mpaka tairi hilo hilo likanyage wa pili. Gari likichukua sekunde 6, linakwenda kilomita 30 kwa saa. Sekunde 3.6 ni kilomita 50. Sekunde 3 kamili ni 60, na kinachopungua hapo msomaji anaweza kukadiria mwenyewe. Mtaa wowote unaweza kufanya hivi. Ila wapimaji wakae mahali wasionekane, nyuma ya ukuta au mti, kwa sababu dereva akiona watu na karatasi hupunguza mwendo papo hapo. (Kwa hiyo anajua anachofanya. Hilo niliwaambia vijana walisisitize kwenye ripoti.)

Sitaandika hapa majumla yetu, maana ofisi itasema chaki na simu si vifaa vilivyothibitishwa, na itakuwa na haki. Niseme tu kwamba baada ya muda mfupi vijana walianza kucheka kila lilipopita gari la sekunde 6, wakidhani limeharibika. Na niseme jingine ambalo halikuwafurahisha wote kwenye mkutano wa mtaa: baadhi ya magari ya sekunde 3 tuliyatambua. Yalikunja kona yakaingia kwenye mageti ya humu humu. Wapo waliotia saini ombi la matuta asubuhi na jioni wakakata mita 50 zile kama wanafukuzwa. Sisemi haya kumtoa halmashauri kwenye lawama. Nayasema kwa sababu yanavunja ile hadithi ya kwamba wabaya ni wageni wapita njia. Ukimpa mtu yeyote barabara hii, mkazi au mgeni, atakanyaga mafuta.

Na hapo naomba nizungumze kama mkufunzi. Ofisi ilishatuwekea kibao cha 30, nakishukuru, kinang'aa. Lakini dereva haendeshi kibao, anaendesha barabara. Kila siku naona mguu wa mwanafunzi ukifuata jicho lake. Mwingize kwenye njia nyembamba yenye magari yaliyoegeshwa na miti karibu, atapunguza mwendo kabla sijafungua mdomo. Mtoe umwingize kwenye uwanja mpana ulionyooka, mguu unashuka wenyewe, hata kama ametoka kunitajia kwa sauti kiwango cha mwendo wa hapo. Barabara yetu ya mita 12 bila mstari inampa kila dereva mita 6 za upande wake. Njia moja kwenye barabara kuu za magari ya mwendo wa kasi huwa mita 3.5 hadi 3.75. Yaani mbele ya shule tumempa dereva nafasi pana kuliko anayopewa mwenye kwenda kilomita 100 kwa saa, kisha tukamtundikia bati limwombe aende 30.

Wengine wanaona tofauti ya 30 na 50 ni ndogo, ugomvi wa watu wasio na kazi. Wanafunzi wangu nao huona hivyo mpaka niwapeleke mahali peupe tukapime kwa hatua. Chukua dereva aliye macho, anayehitaji sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu uguse breki, lami kavu, breki nzima. Akiwa na kilomita 30, sekunde ile moja inamla mita 8, breki inamla mita 5 nyingine, na kwenye mita 13 gari limesimama. Akiwa na kilomita 50, sekunde ile ile peke yake inamla karibu mita 14. Mtoto akichomoka mita 13 mbele ya magari haya mawili, la kwanza linasimama mbele yake. La pili linamfikia likiwa na kilomita 50 kamili, dereva hajagusa hata breki. Hakuna ujuzi wa kuokoa hapo, hata niwe mimi niliyemfundisha. Na nguvu ya kishindo haipandi sambamba na mwendo. Inapanda kwa mraba wake, kwa hiyo kutoka 30 kwenda 50 ni karibu mara tatu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4.

Faida ya dereva kwa hatari hiyo ni nini? Mita 600 za mtaa wetu kwa kilomita 50 ni sekunde 43. Kwa kilomita 30 ni sekunde 72. Anaokoa nusu dakika, na anakwenda kuitumia kwenye taa nyekundu ya mbele.

Nije kwenye matuta, maana kikaoni ndiyo yaliyoleta ubishi, na ubishi wenyewe ulikuwa wa watu wanaozungumzia vitu viwili tofauti. Tuta si kifusi kinachomwagwa usiku na wananchi wenye hasira. Tuta fupi lenye kichwa cha ghafla ni baya kwa kila mtu: linaumiza mgongo wa anayekwenda taratibu, ilhali mwenye haraka hulivuka kwa kasi zaidi, kwa sababu springi na tairi humeza kishindo kabla mwili wa gari haujapata muda wa kuinuka. Miaka ya 1970 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilijaribu maumbo mbalimbali ikaja na tuta la mgongo wa mviringo, urefu kama mita 3.7 kufuata mwelekeo wa gari na kimo kama sentimita 10. Tuta la namna hiyo humwacha mwenda taratibu apite salama, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo linavyokuadhibu. Hilo ndilo tunaloomba, tena yapangwe kwa mfululizo. Tuta moja peke yake mbele ya nyumba ya mjumbe wa mtaa linazalisha breki, kishindo, kisha gari linaunguruma kuondoka. Yakipangwa kila mita 80 hivi, dereva anaona haina maana kukimbia katikati.

Mjumbe mmoja wa baraza aliuliza kuhusu gari la wagonjwa. Swali zuri, nami sikufurahi wenzangu walipomzomea. Jibu lipo: tuta linaweza kujengwa kwa vipande vyenye nafasi kati yake, kiasi kwamba gari la zimamoto au ambulensi kubwa, ambalo magurudumu yake yametanuka, linapitisha tairi pembeni bila kupanda, na gari dogo halina ujanja ila kupanda. Mjumbe mwingine akasema tukibana hapa magari yatahamia mtaa wa pili. Baadhi yatahamia, ni kweli, na ndiyo maana mitaa jirani ishughulikiwe pamoja. Lakini uchunguzi wa watafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 1998, uliopitia mifano kadhaa ya barabara zilizopunguziwa nafasi ya magari katika nchi mbalimbali, ulikuta mara nyingi sehemu ya magari haikuonekana tena popote pale jirani. Watu walibadili saa ya safari, waliunganisha shughuli mbili kwa safari moja, walipanda basi, au waligundua kwamba safari yenyewe haikuwa na ulazima.

Kuna waliotaka tufunge barabara kabisa kwa wasio wakazi. Mji mdogo wa Leonia, New Jersey, ulifanya hivyo Januari 2018 kwa saa za msongamano, baada ya programu za simu kuujaza magari yanayokwepa foleni. Mimi siungi mkono. Barabara imejengwa kwa kodi ya wote na mgeni ana haki ya kupita. Apite tu, kwa mwendo wa mtu anayepita mbele ya nyumba za watu.

Jambo moja nalipitia haraka kwa sababu halistahili zaidi. Ofisi ilipendekeza elimu kwa watembea kwa miguu badala ya ujenzi. Elimu ndiyo inayoniweka mjini, siwezi kuikataa. Lakini mwaka 1997 bunge la Sweden lilipitisha sera inayosema kwamba wanaobuni na kusimamia barabara nao wanawajibika kwa usalama wake, kwa kuwa binadamu atakosea na kosa la kawaida halipaswi kumgharimu uhai. Mtoto wa miaka saba atafuata mpira. Nani atamhitimisha mafunzo?

Sasa, tunachoomba hakihitaji kusubiri bajeti kubwa. Tunaomba jaribio. Rangi kuchora upya mstari na kubana njia ya kila upande hadi mita 3, nguzo za plastiki kuonyesha kisiwa kitakapokaa, matuta ya mpira yanayofungwa kwa boliti. Jambo la nne, ambalo halikuwa kwenye ombi letu la kwanza na nimelishawishi mimi: kupiga marufuku kuegesha gari karibu na kona na karibu na kivuko, kama mita 6 kila upande, ili mtoto aonekane kabla hajatokea. Hoboken, mji mwingine wa New Jersey wenye watu karibu 60,000, uliiondoa mianya ya kuegesha kwenye kona zake pamoja na hatua nyingine za namna hii, na tangu 2017 ulipitisha zaidi ya miaka saba bila mtu kufa kwenye mitaa yake. Helsinki, mji mkuu wa Finland, ambako zaidi ya nusu ya mitaa ina kiwango cha 30, ulitangaza Julai 2025 kwamba umemaliza miezi 12 bila kifo hata kimoja cha barabarani. Pale walibana njia, wakaongeza kamera, wakaboresha vivuko, na walichukua miaka mingi. Hakuna muujiza.

Wapime mwendo kabla ya jaribio, wapime tena baada ya miezi sita, kwa vifaa vyao vilivyothibitishwa. Kama haukushuka, wang'oe vyote na mimi nitakuwa wa kwanza kushika spana. Ila ninaomba vipimo vifanyike saa za kuingia na kutoka shule na saa za foleni. Safari iliyopita kifaa kiliwekwa wakati wa likizo.

Kwa diwani wetu nina ombi tofauti. Kwenye kikao mkazi hupewa dakika tatu, kisha mwenyekiti anashukuru na kumwita anayefuata. Hatujawahi kuulizwa swali wala kupewa tarehe ya jibu. Tunaomba hoja hii iingizwe kwenye ajenda yenyewe, mhandisi awepo, na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari kwa jina la aliyeunga mkono na aliyepinga. Na kama ofisi inashikilia kwamba historia ya ajali haijatosha, iandike basi inayotosha ni ipi. Ni wangapi, na wakiwa na hali gani: waliovunjika mguu wanahesabiwa, au mpaka kaburi? Namba hiyo lazima ipo, vinginevyo wasingejua kwamba hatujaifikia. Tuna haki ya kuisoma.

Nimeshajiandikisha kuzungumza kikao kijacho. Dakika tatu zinanitosha, kwa kuwa sitasoma kitu. Nimekata kamba mbili, moja ya mita 13 na nyingine ya mita 28, ambapo gari la kilomita 50 ndipo husimama. Nitaomba wajumbe wawili washike ncha za ile fupi na wawili washike ncha za ile ndefu. Kama ukumbi hautoshi, tutafungua mlango wa mtu wa mwisho asimame nje.

Mkufunzi wa udereva na mkazi
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa mhariri)